Miwani ya kuona nyuma: dalili, chanzo na dawa yake

Sikio langu la kulia halisikii tangu utotoni. Kwa mpanda baiskeli wa Tanga hilo ni jambo zito, kwa sababu huku tunaendesha kushoto, na kila gari linalonipita linapitia upande ule ule wa sikio bovu. Ndiyo maana miaka yote hii navaa kioo kidogo kwenye miwani, na ndiyo maana watu hunisimamisha njiani kuniuliza kile kidude cha nini. Wengine wamekwisha kutafuta cha kwao, wakakivaa siku mbili, wakakifungia kabatini. "Sioni kitu." "Kinanitia kizunguzungu." "Naona sikio langu tu." Malalamiko hayo nimeyasikia yote, na mengi yake yanamalizwa kwa vidole viwili na uvumilivu wa wiki moja, bila kununua kitu kipya. Naandika ili hicho kioo kitoke kabatini.

Kwanza jua uliyonayo ni ipi, maana dawa hutofautiana. Iliyoenea zaidi kwa wapanda baiskeli ni kioo cha kupachika: kipande cha plastiki inayoakisi, ukubwa wake kama stempu kubwa, kikiwa kwenye ncha ya waya unaobana mkono wa miwani, ule unaoelekea sikioni. Take-A-Look ya Marekani ni ya namna hiyo. Yangu ni hiyo hiyo, ila niliitengeneza mwenyewe kwa spoku ya baiskeli. Aina ya pili kioo chake kimejengwa au kubandikwa ndani ya lenzi, pembeni; kampuni ya TriEye ya Norway inauza miwani ya michezo iliyotengenezwa hivyo. Ya tatu ni miwani ya upelelezi ya watoto, zile nyeusi ambazo sehemu ya nje ya kila lenzi imepakwa rangi ya kuakisi kwa upande wa ndani. Hiyo nitaifikia baadaye, kwa sababu ina tabia zake.

"Naona ukungu, gari silioni"

Hili ndilo lalamiko la kwanza na ndilo lenye vyanzo vingi, kwa hiyo tusilipite haraka.

Chanzo cha kawaida kabisa ni kwamba unakitazama kioo. Kioo kiko sentimita 7 hivi kutoka jichoni, na jicho la kawaida la mtu mzima haliwezi kuona sawasawa kitu kilicho karibu kiasi hicho. Lakini hutakiwi kukitazama kioo. Kioo bapa hakiweki picha juu ya uso wake. Kinaiweka nyuma yake, kwa umbali ule ule uliopo kati ya kioo na kitu chenyewe. Lori lililo mita 50 nyuma yako, kwa jicho lako liko mita 50 na kitu kidogo. Basi tazama kama mtu anayechungulia nje kupitia dirisha dogo: hatazami kioo cha dirisha, anatazama mti ulioko uwanjani. Zoezi lake ni rahisi. Simama, uupe mgongo mwembe au nyumba iliyo umbali wa mita 20 au zaidi, fumba jicho la upande usio na kioo, kisha utafute ule mti. Ukishaupata na ukawa wazi, fungua jicho la pili polepole. Fanya hivyo asubuhi na jioni kwa siku tatu nne kabla hujapanda baiskeli. Jicho linajifunza, ila halijifunzi barabarani katikati ya daladala.

Kama zoezi hilo halikusaidia, chanzo kiko kwenye lenzi. Jiulize: mwanga unaotoka kwenye kioo unapita kwenye lenzi kabla ya kufika jichoni, au haupiti? Kioo cha kupachika kwa waya hukaa mbele ya lenzi, kwa hiyo picha inapita kwenye lenzi na kurekebishwa kama kila kitu kingine unachokiona. Kioo kilicho upande wa ndani, kati ya lenzi na jicho, kinaruka hatua hiyo. Mtu asiyeona mbali, tuseme nguvu ya lenzi zake ni −3.00, bila miwani mwisho wake wa kuona wazi ni kama sentimita 33. Mpe kioo cha ndani ya lenzi na atapata lori la ukungu siku zote, hata afanye mazoezi mwaka mzima. Kosa si lake, wala kioo si kibovu.

Kipimo chake huhitaji kifaa. Vua miwani, tazama kibao cha duka upande wa pili wa barabara. Unavyokiona kibao hicho ndivyo utakavyoliona gari kwenye kioo cha ndani. Ukikisoma, endelea. Usipokisoma, hamia kwenye kioo cha waya kinachokaa mbele ya lenzi.

Kuna wanaovaa miwani ya kusomea. Jirani yangu mmoja, mzee fundi cherehani, nilimtengenezea kioo akanirudia baada ya siku mbili.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Kioo chako kimekufa."

Nikakivaa mimi, kinaona hadi mwisho wa mtaa. Nikamuuliza hiyo miwani aliyovaa ni ya nini. Ilikuwa ya +2.00, ile ya kutungia uzi, naye alikuwa amesahau kuivua kabla ya kupanda baiskeli. Kwa lenzi ya +2.00 kila kitu kilicho mbali kuliko nusu mita kinaanza kufifia, mbele na nyuma sawa. Tukahamishia kioo kwenye fremu ya kawaida isiyo na nguvu, na mzee akaanza kuniambia nani anamfuata nyuma. Wenye lenzi za sehemu mbili, juu mbali na chini kusoma, wakipandishe kioo kiwe usawa wa nyusi, wakitazame kupitia sehemu ya juu. Kikishuka chini, kinaangukia sehemu ya kusomea. Na zile lenzi zisizo na mstari, ambazo nguvu hubadilika taratibu kutoka juu hadi chini, pembeni mwake picha hupinda. Hapo kisogeze kioo kidogo kuelekea katikati, na geuza kichwa kidogo badala ya kukunja jicho hadi ukingoni.

Chanzo cha mwisho ni kioo chenyewe, nacho huwapata wanaojitengenezea. Kipande kilichokatwa kwenye saitimira ya pikipiki mara nyingi kimebinuka kwa nje. Kioo kilichobinuka hakiweki picha mbali kama kioo bapa. Lori la mita 50 picha yake inaweza kukaa kiasi cha nusu mita tu nyuma ya kioo. Kijana ataweza kuiona, ingawa jicho lake litahangaika kurudi barabarani kila mara. Mwenye miaka 50 hataiona sawasawa. Kibaya zaidi ni kile kioo cha kunyolea kinachokuza uso. Hicho kimebonyea kwa ndani, picha za mbali kinazivuruga, na kinakusanya miale ya jua mahali pamoja. Kisikaribie jicho kabisa. Tumia kioo bapa, na kiwe cha akriliki. Mafundi wa mabango wanatumia akriliki ya kuakisi kukatia herufi, na mabaki yao yanatosha vioo kumi.

"Naona sikio langu, shavu langu, au mbingu"

Nusu ya tatizo hili ni umbo la kichwa. Kichwa cha mtu ni kipana, na kioo kimekaa mbele yake kikijaribu kuchungulia nyuma. Jicho liko kama sentimita 3 kutoka mstari wa katikati ya uso, sikio liko sentimita 8 au 9. Kioo kikiwa karibu mno na lenzi, kinachoonekana ni sikio. Kwa hiyo mkono wa waya lazima ukitoe kioo nje kiasi, hadi kiwe karibu usawa na ukingo wa sikio. Kikikaa hapo, jicho linakitazama kwa mshazari wa nyuzi 45 hivi, na kioo chenyewe kinaelekea nyuma huku kikiinamia kidogo upande wa pua.

Kupanga kwake, fuata mtiririko huu. Kaa juu ya baiskeli, mguu mmoja chini, mikono kwenye usukani, katika mkao ule ule unaoendeshea. Usikipange ukiwa umesimama wima mbele ya kioo cha chumbani: ukiinamia usukani, kichwa hunyanyuka ili macho yaone mbele, na kioo kilichokuwa kinaona barabara sasa kinaona bega lako. Ukishakaa, zungusha kioo kuelekea kichwani hadi uone ncha ya sikio kwenye ukingo wake wa ndani. Uzi mwembamba tu wa sikio. Huo uzi ndio alama yako: ukiuona, unajua kioo kimeelekea nyuma kabisa, hakijaenda pembeni. Kisha inamisha au inua hadi upeo wa barabara ukae katikati ya kioo, nusu ardhi nusu anga. Mwombe mtu asimame hatua 20 nyuma yako, umwone mzima kuanzia kichwani hadi miguuni.

Kimepangwa vizuri, kioo cha upana wa sentimita 3 kilicho sentimita 7 kutoka jichoni kinakupa kama nyuzi 22. Kwa mita 20 nyuma hiyo ni barabara ya upana wa karibu mita 8, ukitoa ule uzi wa sikio. Linganisha na kioo cha usukani chenye upana wa sentimita 7, ambacho kiko sentimita 70 mbali nawe: kama ni bapa, kinatoa chini ya nyuzi 6. Ndiyo maana kidude kidogo cha miwani kinakishinda kikubwa cha usukani, na ndiyo maana nakitetea.

Kichwa chenyewe ni usukani wa kioo. Kioo kikiwa kulia, ukigeuza kichwa kidogo kulia, picha inafagia kuelekea kushoto, nyuma yako kabisa. Ukigeuza kushoto, inafagia kulia, kwenye njia ya wanaokupita. Watu wengi wanakaza shingo kama wanapigwa picha ya pasipoti, halafu wanasema kioo kinaona kidogo.

Akina mama na dada wanaovaa hijabu au mtandio wana shida nyingine: kitambaa kinatokeza kando ya shavu na kuziba kile kichochoro cha kuchungulia. Waya mfupi wa dukani hautoshi. Tengeneza mrefu kwa sentimita 2 au 3 zaidi, na pachika mshiko nje ya kitambaa, si chini yake. Au bana kitambaa nyuma ya sikio kwa pini. Kilemba na kofia yenye ukingo mpana navyo ni hivyo hivyo. Begi refu la mgongoni pia huziba, likipita usawa wa mabega. Lishushe.

Na angalia umekipachika upande gani. Vioo vingi vya dukani vinatengenezwa kwa ajili ya nchi zinazoendesha kulia, na picha kwenye karatasi yake inaonyesha mkono wa kushoto wa miwani. Mtu wa Dar es Salaam, Mombasa au Kampala akifuata picha hiyo atakuwa anatazama mtaro. Kwetu kioo kinakaa kulia. Kigali, Bujumbura, Bukavu na Muscat kinakaa kushoto, kwa sababu kule wanaendesha kulia. Vioo vingi vya waya unaweza kuvipindua juu chini vikahamia upande wa pili. Vilivyojengwa ndani ya lenzi havihamishiki, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa.

"Picha inacheza kama maji"

Tofautisha mambo mawili. Ikicheza wakati unaendesha tu, ni mtetemo. Ikipinda hata umesimama, ni kioo kimejikunja.

Mtetemo unatoka kwenye waya mrefu mno, au kifundo kilicholegea. Kaza kifundo kwa koleo, taratibu. Kama kifundo ni cha plastiki na kimelika, zungushia utepe mwembamba wa mpira wa tyubu kabla ya kukirudisha. Waya wa spoku una unene wa milimita 2 hivi na unatulia vizuri. Waya wa hanga la nguo ni laini mno, utacheza siku nzima. Barabara ya vumbi yenye mawimbi itakutetemesha hata ufanyeje, na hapo kichwa ndicho kinachotetemeka, si kioo. Nyanyua makalio kidogo kwenye kiti, miguu imeze mshtuko.

Kilichojikunja ni mara nyingi akriliki nyembamba ya milimita 1 iliyopakwa gundi kila pembe. Gundi ikikauka inavuta. Weka tone moja katikati tu, na nyuma yake pachika kipande kigumu cha plastiki. Usiiache miwani kwenye dashibodi ya gari lililo juani.

"Kioo kinazunguka chenyewe" au "miwani inateremka"

Mshiko wa waya umetengenezewa mkono wa miwani wa kawaida, bapa, upana wa milimita chache. Mkono mwembamba wa mviringo, ule wa chuma, hauna pa kushikiwa, kwa hiyo kioo kinazunguka na kuangalia chini. Uvalishe mkono huo mpira wa tyubu, kata bomba dogo lenye urefu wa sentimita 3, kisha bana juu yake. Mkono mpana wa miwani ya jua nao hauingii kwenye mshiko, usiulazimishe, utapasuka. Tafuta miwani nyingine.

Uzito wa kioo ni mdogo, ila unavuta upande mmoja, na kwa jasho la pwani miwani inaanza kuteremka puani na kulala upande. Kila milimita inayoshuka inabadilisha unachokiona. Peleka miwani kwenye duka la miwani wakupindie ncha za nyuma ya masikio, ni kazi ya dakika chache, au funga uzi kutoka mkono mmoja hadi mwingine nyuma ya kisogo. Mimi natumia uzi.

"Kichwa kinauma, natapatapa"

Jicho moja linaona linakokwenda, jingine linaona linakotoka. Ubongo haujazoea. Kwa siku za mwanzo hilo ni la kawaida, na dawa yake ni kutazama kwa kupiga jicho: sekunde moja, rudi mbele. Anayekodolea kioo ndiye anayeumwa. Anza kwa dakika 15 kwa siku kwenye mtaa mtulivu.

Kama wiki mbili zimepita na bado, angalia kama kioo kimeingia mno katikati, kinakatiza barabara ya mbele. Kitoe nje na juu. Na pima jicho lako lenye nguvu: unganisha viganja vya mikono uache tundu dogo, tazama kitu cha mbali kupitia tundu hilo kwa macho yote mawili, kisha fumba jicho moja moja. Jicho ambalo likiwa wazi kitu kinabaki ndani ya tundu ndilo lenye nguvu. Wenye kioo upande wa jicho hilo wakati mwingine husema picha ya nyuma "inaimeza" ya mbele. Kwao kioo kidogo zaidi kinafaa kuliko kikubwa.

Kizunguzungu kinachoendelea hata baada ya kuvua miwani, usikitafutie dawa kwenye kioo. Nenda kwa daktari wa macho.

Usiku: taa mbili badala ya moja, na mwanga unaochoma

Akriliki inaakisi kwa tabaka lililo nyuma yake, lakini uso wa mbele nao unaakisi kidogo. Mchana huoni tofauti. Usiku kila taa ya gari inakuja na mdogo wake aliyefifia pembeni. Si ubovu, na hakuna cha kurekebisha, ila akriliki nyembamba inawasogeza wale wawili wakaribiane. Mwanga mkali wa basi linalokufuata ukikuumiza, inamisha kidevu kidogo, taa zinatoka kwenye kioo, na bado mwanga unaomulika barabara mbele yako unakuambia basi lipo. Jua la asubuhi likiwa mgongoni ni hivyo hivyo. Miwani ya giza usiku, na kioo mbele yake, ni kujifunga macho mara mbili.

Weupe, mikwaruzo, mvuke

Weupe kama unga ulioibuka baada ya kubandika kwa supaglu ni moshi wa gundi yenyewe, unaganda juu ya plastiki. Ukiwa mpya hufutika kwa maji ya sabuni na kitambaa laini. Mara nyingine tumia gundi ya kuchanganya mbili kama Araldite. Mikwaruzo inaletwa na kufuta vumbi kavu kwa shati: mimina maji kwanza, vumbi liondoke, ndipo ufute. Spiriti, petroli na thina zinaipasua akriliki vinyufa vidogo vidogo ambavyo haviponi. Tabaka la kuakisi linalobanduka kuanzia ukingoni limeliwa na jasho na chumvi. Kioo kipya ukipake rangi ya kucha kwenye kingo na mgongoni, kitadumu zaidi. Kwa mvuke na matone, paka sabuni ya maji kidogo sana, kausha kwa kidole.

"Gari lilikuwa mbali, ghafla liko begani"

Hili nalisema kwa uzito wake. Kama kioo ni bapa, hakidanganyi umbali; kinachodanganya ni hesabu yetu. Basi la kilomita 80 kwa saa likimfuata mpanda baiskeli wa kilomita 20 linamkaribia kwa karibu mita 17 kila sekunde. Likiwa mita 100 nyuma, una sekunde 6. Ukitazama kioo mara moja kila robo dakika, basi hilo linaweza kutokea na kukupita kati ya mitazamo miwili. Njia kuu, kama ile ya kutoka Pongwe kuja mjini, mimi natazama kila sekunde tatu nne, na kabla ya kuhama upande wowote nageuza kichwa kwa macho yangu mwenyewe. Kioo kinakuambia kuna mtu. Hakikuambii kwamba hakuna mtu.

Kama kioo chako kimebinuka, kinadanganya kweli: vitu vinaonekana vidogo na vya mbali kuliko vilivyo. Marekani, saitimira ya namna hiyo upande wa abiria lazima iandikwe onyo hilo. Njia ya kukijua ni kutazama kidole chako kwa umbali wa mkono mmoja kupitia kioo, kisha kukitazama kwenye kioo bapa cha nyumbani. Kikionekana chembamba zaidi kwenye hicho cha miwani, badilisha.

Kuna mahali kioo kinapoziba, nako wengi hawakujui. Kipande hicho cha sentimita 3 kinafunika mbele-kulia, nyuzi 45 hivi, ndiko yanakotokea magari kwenye makutano. Ukifika njia panda, tikisa kichwa mbele na nyuma uchungulie kilichojificha nyuma ya kioo.

Na ukianguka, kile kioo kiko karibu na jicho lako. Pembe zake zisagwe ziwe mviringo, ncha ya waya ikunjwe kitanzi, na mshiko uwe wa kubana tu ili kioo kichomoke kikigongwa. Kisikazwe kwa skrubu. Kioo cha kuvunjika, hata cha kisanduku cha poda, usikiweke hapo.

Miwani ya upelelezi ya watoto

Mtoto kaletewa na shangazi yake kutoka ng'ambo, kaivaa, kasema "naona jicho langu." Hiyo ni kweli na haimaanishi imeharibika. Kioo cha miwani hii kimelala kwenye lenzi yenyewe, hakikutoka nje kama cha waya, kwa hiyo kichwa na sikio vinaziba nyuma kabisa. Kinachoonekana kuanzia hapo ni nyuma-pembeni, kama nyuzi 15 hadi 20 kutoka mgongoni. Mwambie ageuze kichwa kidogo upande wa kioo anachokitazama, na atazame ukingo wa mwisho kabisa wa lenzi, siyo katikati. Nywele zilizosukwa na kuning'inia mbele ya masikio zirudishwe nyuma. Kama fremu ni pana kuliko uso wake, kioo kimekaa kwa pembe isiyo sahihi: sukuma miwani ikaribie uso, au isogeze mbele kidogo puani, hadi picha itokee. Nyuma pawe na mwanga zaidi kuliko mbele. Chumbani jioni haitaonyesha kitu. Mtoto asiyeona mbali ataona ukungu kwa sababu ile ile niliyoieleza mwanzoni. Na asiivae kwenye baiskeli: lenzi ni nyeusi, na theluthi ya nje haipitishi mwanga wa mbele, amefungwa pembeni kama punda wa mkokoteni.

Mwenye jicho moja

Ameniuliza dada mmoja asiyeona kwa jicho la kulia, anaendesha kwenda kazini kila siku. Kioo cha miwani upande wa kulia hakimfai, hakuna jicho la kukitazama. Tulijaribu kushoto: kinaona nyuma na mtaro, na akigeuza kichwa kushoto kinafagia hadi njia ya magari, ila kila akifanya hivyo jicho lake pekee linaacha barabara, na upande wa kulia ndio umezidi kuwa giza. Tukakitoa. Tulichoweka ni saitimira ya kubinuka kwenye ncha ya kulia ya usukani, imetokezwa nje sentimita 10 ili mkono usiizibe, na nikamchorea kwa rangi nyekundu, ukutani kwake, gari linavyoonekana likiwa mita 50 na mita 20, ajue ukubwa wake kwenye kioo hicho. Anaendesha nacho mpaka leo.